Garanti Inapakwa Wapi

Siku Assumani fundi cherehani aliponunua mashine mpya, Théodore alikuwa ameegemea nguzo ya baraza la duka la Bwana Stavro, akifanya kazi yake ya kila asubuhi, yaani kutofanya kazi. Alivaa suti nyeupe na viatu vilivyong'arishwa mbele tu. Nyuma aliviacha hivyo hivyo, kwa kuwa watu aliowauzia vitu walimtazama akija, na wakati wa kuondoka hakuwa na desturi ya kuwangoja.

Karani wa duka aliigonga ile mashine kwa kiganja, kama mtu anayesifu ng'ombe.

"Papa Assumani, umepata mali. Tena iko na garanti."

"Iko na nini?"

"Garanti."

Assumani alikuwa mtu wa Maniema, mwenye kuswali sana na kuuliza maswali zaidi. Aliinamisha mashine, akatazama chini yake. Akavuta droo, akaona kitu kidogo cha chuma kinachong'aa.

"Hii ndiyo garanti?"

"Hapana, papa. Ile ni bobini."

"Basi garanti iko wapi?"

"Iko ndani yake."

"Ndani wapi?"

Karani akakohoa. Bwana Stavro, Mgiriki mwenye duka, alikuwa amemfundisha kulitamka neno, kwa sababu neno lilipandisha bei. Maana yake hakumfundisha, kwa sababu maana ingemtia yeye Mgiriki gharama.

Assumani alirudi kesho yake na bisibisi mkononi. "Nimefungua kila skrubu," alisema. "Garanti haiko. Mumeitoa."

Karani akacheka. Wateja wakacheka, kwa adabu ya kumfuata karani, maana na wao hawakujua. Théodore hakucheka. Alisimama wima, akaachana na nguzo. Mji mzima ulilijua jina la kitu, na hapakuwa na aliyeijua sura yake. Kitu cha namna hiyo, kwa maoni ya Théodore, kilikuwa hakina mwenyewe, na ni dhambi kukiacha kizurure barabarani.

Ni lazima kusema kwamba Théodore hakuwa mwizi. Mwizi huchukua. Théodore alipewa, tena watu walimshukuru. Kule Bafwasende aliwauzia watu zamu za kusikiliza redio isiyo na betri, na kila aliyesikiliza alitoka na habari zake. Kule Buta aliuza viti vya mbele katika sinema ambayo ilikuwa bado haijafika, na bila shaka mpaka leo bado inakuja. Sasa alikuwa Kisangani, mji ambao wazungu waliuandika Stanleyville, na alitaka jambo moja tu: apande masuwa, ile meli ya mto inayoshuka mpaka Léo, akiwa na sanduku zito na jina jipya. Léopoldville ni mji mkubwa. Mtu anaweza kudanganya mtaa baada ya mtaa, akazeeka kabla hajarudia mtaa wa kwanza.

Alikwenda nyuma ya zahanati akaokota chupa ndogo za dawa, akaziosha. Akachanganya mawese, petroli kidogo, bulu ya kufulia nguo na maji ya mchaichai. Rangi iliyotoka ilikuwa mbaya sana, jambo lililomfurahisha. Kitu chenye rangi nzuri watu wangekionja.

Sokoni Kabondo alipanda juu ya kreti ya bia.

"Alors, bamama na bapapa. Nani hapa amenunua kitu dukani, kikaharibika?"

Mikono yote ikainuka, hata ya mtu aliyekuwa anapita tu.

"Walikuambia iko na garanti?"

"Walituambia."

"Uliiona kwa macho yako?"

Mikono ikashuka.

"Bon. Mimi sitaki kusema mubaya juu ya mutu. Kitu kikitoka Ulaya, kimepakwa garanti yake muzuri, inateleza. Kinaingia baharini. Chumvi. Kinaingia katika masuwa. Jua. Kikifika hapa, garanti imekauka yote. Bwana Stavro hasemi uongo. Ilikuwa nayo. Anawaambia tu habari za zamani."

Watu wakatazamana. Miaka mingi mali ilikuwa inawafia mikononi, na sasa mtu amepatikana wa kuwaambia sababu. Assumani alisogea mbele.

"Inapakwa wapi?"

"Papa, pale unapoogopa kitaharibika."

Assumani akaona jibu hilo lina akili. Akanunua mbili, kwa kuwa mashine yake aliiogopa pande zote.

Baada yake alikuja Odile, muuza samaki, mke wa mvuvi wa kule Wagenia. Sauti yake ilikuwa imekua ikishindana na maporomoko ya maji, na ikashinda. Alikuwa na saa ya kengele, ya kumwamsha mumewe Nicolas aende kutazama mitego.

"Hii saa yangu inachelewa, tonton," akamwita, yaani mjomba. "Inalala kuliko mwenyewe."

"Ipake tumboni, mama. Saa ugonjwa wake ni tumbo."

Akapaka hapo hapo. Saa ikalia, kwa hofu au kwa kuteleza, haikujulikana, na watu wakasukumana kununua.

Wa mwisho kuja alikuwa Mwanahamisi, muuza mikate ya kukaanga, mwanamke mtulivu, mwenye macho yanayohesabu bila kusogeza midomo. Aliigeuza chupa, akainusa.

"Na juu ya bwana wa nyumbani? Inashika?"

Soko likacheka. Hata Théodore alijua kwamba hapo ndipo pa kucheka na kunyamaza. Lakini alikuwa na ugonjwa wake: hakuweza kumwacha mtu aondoke na fedha yake mwenyewe.

"Mama, garanti haichagui. Inashika juu ya kila kitu kinachofanya kazi nyumbani."

"Kila kitu kinachofanya kazi," Mwanahamisi alirudia taratibu. Akafungua fundo la liputa yake, kitenge cha kiunoni, akalipa.

Wiki zile mji ulinuka mchaichai. Watu wa baiskeli walipaka mpaka kwenye tandiko, wakawa wanashuka kabla ya kufika. Mashine ya Assumani ilishona kanzu nyeupe kwa uzi uliogeuka buluu, naye akawaambia wateja kwamba ndiyo garanti inavyotembea. Nicolas alipaka mtego mmoja wa samaki, na samaki waliotoka humo walihitaji chumvi tu. Théodore alinunua sanduku la ngozi, akalijaza, akakata tiketi ya masuwa.

Kisha saa ya Odile ikafa. Haikuchelewa, ilikufa. Nicolas akalala mpaka jua likamkuta kitandani, na mto ulikuwa umepanda ukabeba samaki pamoja na mitego. Odile hakumgombeza. Alichukua saa kwa mkono mmoja, chupa kwa mkono mwingine, akaingia dukani, akaviweka vyote mbele ya Bwana Stavro.

"Hii saa uliuza na garanti. Nikaongeza tena garanti juu ya garanti. Imekufa."

Bwana Stavro aliiona chupa, na masharubu yake yakainuka. Mfanyabiashara akiona njia ya kusema kweli bila hasara, hufurahi kama mtu yeyote.

"Mama, nitakufundisha. Garanti haiko mafuta. Garanti ni ahadi. Kitu kikiharibika, mwenye kuuza anakitengeneza. Akishindwa, anatoa kingine cha namna ile ile. Hulipi kitu."

Odile alilichukua neno hilo akaligeuza, kama samaki anayetazamwa kama ameoza.

"Mwenye kuuza nini?"

"Mwenye kuuza garanti. Nani alikuuzia?"

"Théodore. Na weye uliniuzia nini?"

"Mimi niliuza saa tu."

Hivyo ndivyo elimu ya mnunuzi ilivyoingia Kisangani. Mgiriki aliyetaka kukwepa wajibu wake ndiye aliyeifungulia mlango, na yeye mwenyewe hajapata kueleza kwa nini alifanya hivyo. Kwa maana Odile alitoka akalisema jambo lile sokoni kwa sauti yake ile, na kabla jua halijasimama hata ng'ambo ya mto, Lubunga, walikuwa wamesikia: anatengeneza ao anatoa ingine.

Siku ya masuwa Théodore alifungua mlango wake asubuhi, sanduku mkononi, akakuta uwanja umejaa. Kulikuwa na baiskeli, taa za mafuta, pasi, miavuli, gramafoni moja isiyo na mkono. Mbele alisimama Odile.

"Unaenda wapi, tonton Théodore?"

"Ninaenda kuwaletea garanti mupya, bamama. Ile nguvu."

"Tunataka ile ile tuliyolipa. Tengeneza ao toa ingine."

"Mulipaka vibaya."

"Ulisema pale tunapoogopa," Assumani akasema. "Unajua mimi niliogopa wapi?"

"Bon. Donc garanti imeisha nguvu. Hiyo si kosa ya mutu."

Assumani akawaza. Aliwaza kwa muda, na watu wakamngoja, kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza na sasa alionekana anaelekea kujibu.

"Kama garanti imeisha nguvu," alisema, "basi imeharibika. Na uliiuza weye. Tengeneza ile kwanza."

Théodore alikuwa amezungumza na mapadre, na mawakala wa pamba, na mkwe wake wa kule Buta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfikisha hapo. Bandarini masuwa ilipiga honi. Alipogeuka kutafuta sanduku, alimkuta Nicolas amelikalia. Mtu aliyezoea kusimamisha magogo katikati ya maporomoko hasogezwi kwa kusukumwa.

"Ao twende kwa komisa," Odile akasema kwa upole.

Komisa wa polisi angeuliza karatasi ya kazi. Théodore hakuwa na karatasi ya kazi, kwa kuwa hakuwa na kazi, na mtu wa namna hiyo alirudishwa kijijini kwao. Kijijini kwao wajomba walikuwa wamemtengea shamba la pamba tangu alipozaliwa. Akavua koti.

Ilikuwa mara ya kwanza mikono ile kushika bisibisi. Alifungua saa ya Odile, ikaruka na kumwaga matumbo yake uwanjani. Alikaza baiskeli moja, gurudumu likafunga, mwenyewe akaibeba kichwani. Kila alichoshindwa kutengeneza alikilipa kwa kingine cha namna ile ile, na kingine kilitoka dukani kwa Stavro, na fedha ya kukinunulia ilitoka katika sanduku. Nicolas alikuwa akiinuka kidogo, sanduku likafunguliwa, kisha anakaa tena. Kila alipokaa, alikaa chini zaidi.

Bwana Stavro aliuza vizuri asubuhi ile, akimsifu Mungu wa Wagiriki, mpaka Odile aliposimama mlangoni pake na wenzake nyuma.

"Sasa, Bwana Stavro. Hii saa mupya iko na garanti?"

"Iko nayo, mama," alisema, kwa mazoea.

"Ya nani?"

Mgiriki alitazama nyuso zile, na akaelewa kwamba neno alilolitoa halirudi tena kabatini.

"Yangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Na wote walisikia.

Jua lilipokuwa limepanda uwanja ulikuwa karibu kuwa mtupu. Sanduku lilikuwa jepesi kama kapu, lakini tiketi ilikuwa bado mfukoni, na masuwa ilikuwa bado inapakia mizigo. Ilipiga honi ya pili. Théodore alivaa koti, na mbali na fedha hakuwa amepoteza kitu. Fedha hupatikana. Jijini Léo kuna watu wengi.

Ndipo alipomwona Mwanahamisi, amekaa kizingitini, chupa mapajani.

"Na mimi," alisema.

"Mama, umeleta nini?"

"Bwana yangu. Ameharibika."

Watu waliokuwa wakiondoka wakageuka. Théodore akashusha pumzi.

"Ameharibika namna gani?"

"Hafanyi kazi. Hatengenezi paa. Hachoti maji. Mutu akipiga hodi, haitikii."

"Jina lake nani?" Odile, aliyekuwa amerudi kutoka dukani, akauliza.

"Sikujua."

"Haujui jina ya bwana yako?"

"Ninajua. Sikujua."

"Ulijua lini, basi?"

"Odile, mama yake ndiye alimuita hivyo. Sikujua, mwana wa Ramazani, wa Kasongo."

Lilipoeleweka, Odile akakunja mikono kama hakimu. "Na huyu Sikujua iko wapi?"

"Amekwenda. Hajarudi."

Théodore aliuona mwanga. "Basi mama, mimi ninaenda kumutafuta. Ninapanda masuwa sasa hivi, ninamuleta, ninamutengeneza."

"Hapana," Odile akasema. "Mutu akipeleka kitu kutengenezwa, nyumba haikai bure. Bwana Stavro leo amekubali: saa yangu mupya ikiharibika, atanipa ya kuazima. Weye utakaa pahali pa Sikujua mpaka arudi."

"Mama Odile, mutu haiko saa."

"Ulisema garanti haichagui. Tulikuwa wote pale."

Wakasema ndiyo, walikuwapo. Assumani alifungua mdomo kama anataka kuongeza kitu, akaufunga, akaenda zake na mashine yake. Odile akatoa hukumu kamili, na haki ni haki, ilikuwa hukumu ya heshima: garanti inashika kazi za mchana tu. Kulala, Théodore atalala jikoni kwenye mkeka. Akikimbia, kuna komisa.

Masuwa ilipiga honi ya tatu, ikashuka na mto, na kitanda cha Théodore ndani yake kikiwa kitupu.

Mwanzoni hakusikitika sana. Alikula lituma ya ndizi iliyotwangwa vizuri, na mikate iliyobaki. Alijiambia kwamba huo nao ni mradi, wa mtu kulishwa kwa kuitika hodi. Lakini paa lilivuja pahali pengi, na kisima kilikuwa mbali, na Mwanahamisi alikuwa na ua wa kujengwa, na mti wa kupasuliwa kuni, na dazeni ya mawazo mapya kila asubuhi. Mikono ya Théodore ikaota sugu. Aliziangalia sugu zile kama mtu anayeangalia wageni waliohamia kwake bila barua.

Basi akaanza kumtafuta Sikujua kwa moyo wote. Hakuna mke katika mji ule aliyemngoja mumewe kama Théodore alivyomngoja Sikujua. Kila treni ya Ponthierville ilipoingia, alivuka mto kwa mtumbwi, akasimama kituoni Lubunga, akimshika kila mwanaume mzima.

"Papa, samahani. Weye ni Sikujua?"

"Haukujua nini?"

"Hapana, ninauliza kama weye Sikujua."

"Mimi ndiye nijue kama haukujua?"

Mara moja mkuu wa kituo alimtoa nje, akidhani ni mgonjwa. Théodore akarudi nyumbani kupasua kuni.

Siku moja Mwanahamisi alitoa kanzu kutoka katika kasha. Ilikuwa kanzu ya Sikujua, na suti nyeupe ya Théodore ilikuwa imekwisha kwa kazi. Akamtuma nayo kwa Assumani ipunguzwe, kwa kuwa mwenye kanzu alikuwa mrefu. Assumani alimsimamisha mlangoni, akabana pindo kwa pini.

"Usikate, papa," Théodore akasema. "Kunja tu. Akirudi, itakuwa fupi kwake."

"Nani akirudi?"

"Sikujua."

Assumani akatoa pini mdomoni.

"Kutoka wapi? Sanda yake nilishona mimi mwenyewe, na mashine ya zamani. Kabla weye haujafika Kisangani."

Théodore akakaa chini, na pini zikamchoma, na hakuzisikia.

"Ulikuwa pale uwanjani, Papa Assumani. Ulisikia. Kwa nini haukusema?"

"Hakuna mutu aliniuliza kama iko hai. Waliuliza kama anafanya kazi." Assumani aliwaza, akatafuta kosa katika maneno yake, hakuliona. "Hafanyi kazi."

Théodore alitembea mpaka nyumbani na kanzu yenye pindo la pini. Mwanahamisi alikuwa akikaanga mikate. Hakuinua kichwa.

"Mama Mwanahamisi. Ulipaka nini garanti yangu?"

"Kiti chake."

"Mutu alikuwa amekufa."

"Ndiyo. Mungu amurehemu."

"Donc uliniongopea. Ulinunua garanti ya bwana asiyekuwapo."

"Na weye uliuza garanti isiyokuwapo. Tulikutana njiani."

Alitaka kukasirika. Akagundua kwamba hajui namna. Maisha yake yote alikuwa upande ule mwingine wa hasira. Akajaribu njia ya wateja wake, ambayo aliijua kwa kuisikia.

"Mama, kitu kilichochukuliwa kwa uongo kinarudishwa. Ninataka nirudishwe. Masuwa iko bandarini."

"Kinarudishwa," Mwanahamisi akakubali, akageuza mkate mafutani. "Kama iko na garanti. Weye, wakati ule Odile alikutoa kwangu pahali pa Sikujua, nani alikupaka garanti?"

Théodore akajitazama mikono, sugu kwa sugu. Alijitazama miguu. Alikuwa ameupaka mji mzima, kutoka Kabondo mpaka Lubunga, saa na pasi na baiskeli na kiti cha marehemu, na yeye mwenyewe hakujiwekea hata tone.

"Hodi," mtu akaita uani.

Mwanahamisi alimtazama, akangoja.

"Karibu," Théodore akasema.